Minyoo Hupitia Wapi Kuingia Mwilini?



Mwezi huu tuzungumze juu ya minyoo. Najua baadhi yenu mtasema, "Hayo tuliyasikia tangu darasa la tatu: nawa mikono, osha matunda, chemsha maji." Ni kweli, na mafundisho hayo bado yanafaa. Lakini sisi tunaoishi Buhare, Makoko, Mwisenge na vijiji vyote vya ufukoni, tukiishia hapo tunakuwa tumefunga mlango mmoja wa nyumba na kuiacha mingine miwili wazi. Iko minyoo inayoingia kwenye nyayo. Na iko inayoingia kwenye ngozi ya mama aliyesimama ziwani akifua nepi, huku mwanawe akicheza na maji kando yake.

Swali ninaloulizwa mara nyingi, kliniki na hata tunapotoka kanisani, ni hili: "Sista, mtoto wangu amekwisha kunywa dawa ya minyoo, mbona tumbo bado linamsumbua na choo chake kina damu?" Ili kulijibu swali hilo, hatuna budi kwanza kuijua milango mitatu ambayo minyoo huitumia kuingia mwilini. Kila mlango una minyoo yake, na una kufuli yake.

MLANGO WA KWANZA: MDOMO

Minyoo inayojulikana zaidi ni ile mikubwa ya mviringo, myeupe, ambayo mama huiona mtoto anapojisaidia. Jike moja huweza kutaga mayai hadi 200,000 kwa siku. Mayai hayo ni madogo mno kuonekana kwa macho, nayo hutoka na kinyesi.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Yai likitoka leo, leo hiyo haliwezi kuambukiza. Hukaa udongoni kama majuma mawili au matatu mpaka likomae. Kwa hiyo kinyesi cha mtoto kilichoachwa nyuma ya nyumba kitakauka, mvua itakisambaza, kuku watachakura, na mama ataona uwanja ni safi. Kumbe mayai yapo, na yanaweza kukaa hai kwa miezi mingi. Mtoto akichezea udongo kisha akatia vidole kinywani, au sisi tukila mchicha na nyanya zisizooshwa vizuri, tunayameza.

Yakifika tumboni huanguliwa. Minyoo michanga haitulii hapo. Hutoboa ukuta wa utumbo, huingia katika damu, hupita kwenye ini na kufika mapafuni. Ndiyo maana mtoto mwenye minyoo anaweza kukohoa bila kuwa na mafua. Kutoka mapafuni hupanda hadi kooni, mtoto huimeza tena, na sasa hukaa katika utumbo na kukua. Miezi miwili hadi mitatu baada ya kumezwa, nayo huanza kutaga.

Mjeledi nao huingia kwa mdomo, ila wenyewe hausafiri kwenda mapafuni. Vilevile iko minyoo midogo myeupe kama uzi inayomwasha mtoto sehemu ya haja kubwa usiku. Hii haihitaji udongo. Mtoto hujikuna, mayai huingia chini ya kucha, na asubuhi hupeana na ndugu zake wanaolala kitanda kimoja. Kata kucha, fua mashuka, na nyumba nzima wanywe dawa siku moja.

Tegu hutokana na nyama ya ng'ombe au nguruwe ambayo haikuiva sawasawa. Hapa kwetu Mara tunapenda nyama choma, basi tuhakikishe imeiva mpaka ndani. Na tujihadhari na kinyesi cha mtu mwenye tegu wa nguruwe, maana mayai yake yakimezwa, minyoo michanga inaweza kwenda hadi kwenye ubongo na kuleta kifafa.

Kufuli ya mlango huu ni choo, sabuni, maji safi na moto.

MLANGO WA PILI: NYAYO

Safura haisubiri mtu ale. Mayai yake hutoka na kinyesi na kuanguliwa katika udongo wenye unyevu na kivuli, kama vile migombani, kwenye bustani za kumwagilia, au kichakani ambako watu hujisaidia. Baada ya siku 5 hadi 10 minyoo michanga huwa tayari. Mtu akipita peku, hutoboa ngozi kati ya vidole au kwenye unyayo. Huenda akasikia mwasho tu na kuona vipele. Kisha hufuata damu hadi mapafuni, kooni, na mwisho katika utumbo, ambako huuma ukuta wa utumbo na kufyonza damu.

Zamani wataalamu hawakujua kwamba mnyoo unaweza kupita kwenye ngozi nzima isiyo na kidonda. Mwishoni mwa karne ya 19, mtaalamu wa Kijerumani aliyefanya kazi Misri, Arthur Looss, alidondokewa mkononi na tone la maji lenye minyoo michanga ya safura alipokuwa akifanya majaribio kwa wanyama. Pale palimwasha na kuwa pekundu. Baada ya majuma kadhaa akachunguza choo chake mwenyewe, akakuta mayai ya safura.

Mnyoo mmoja hunyonya damu kidogo sana. Lakini mtu huweza kuwa na mamia, nayo hunyonya mchana na usiku. Mama mjamzito ambaye tayari damu yake inagawanywa kati yake na mtoto, akiongezewa malaria na safura, huishiwa damu. Ndiyo maana kliniki ya wajawazito humpa dawa ya minyoo baada ya miezi mitatu ya kwanza ya mimba. Mama, usiifiche dawa hiyo kwenye mkoba. Inywe.

Kufuli ya mlango huu ni choo, na viatu. Hata kandambili za bei nafuu ni kinga, hasa shambani na njia ya kwenda chooni.

MLANGO WA TATU: NGOZI ILIYO MAJINI

Sasa tufike kwenye mlango unaotuhusu zaidi sisi watu wa ziwa. Ninazungumzia kichocho.

Ukimtajia mama wa hapa neno kichocho, mara nyingi atajibu, "Watoto wangu hawakojoi damu." Hilo ndilo kosa linalotuponza. Viko vichocho viwili. Kichocho cha mkojo hupatikana sana kule bara, kama Shinyanga na Simiyu, kwenye malambo na majaruba ya mpunga. Huku ufukoni mwa Ziwa Viktoria tatizo letu kubwa ni kichocho cha tumbo. Hiki hakimfanyi mtu akojoe damu. Hukaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo, na mayai yake hutoka na haja kubwa. Kwa hiyo mtu anaweza kukaa nacho miaka mingi, mkojo wake ukiwa safi kabisa, asijue lolote. Katika baadhi ya vijiji vya ufukoni, Rorya na Ukerewe, uchunguzi umewahi kuonyesha kwamba zaidi ya nusu ya wanafunzi wanacho.

Hebu tufuate safari yake hatua kwa hatua.

Mtu mwenye kichocho anajisaidia ufukoni, au mvua inasomba kinyesi chake hadi ziwani. Mayai yakigusa maji hupasuka, na ndani yake hutoka kimelea kidogo kinachoogelea. Kina saa chache tu za kuishi. Kisipompata konokono wa aina yake, kinakufa. Kikimpata, humwingia na kuanza kuongezeka ndani yake. Baada ya majuma kama manne hadi sita, konokono yule huanza kutoa vimelea vingine vyenye mkia wa panda. Kimelea kimoja kilichoingia huweza kuzaa maelfu. Fikiria basi, mtu mmoja amejisaidia mara moja ufukoni, na majuma machache baadaye ghuba nzima ina hatari.

Vimelea hivyo hutoka kwa konokono kunapokuwa na mwanga, na huzidi karibu na saa sita mchana. Ndio wakati watoto wetu wako majini kwa sababu ya joto, na ndio wakati mama anamalizia kufua. Vikigusa ngozi, huacha mkia na kupenya ndani kwa dakika chache. Haihitajiki kidonda, wala mtu kunywa maji. Kusimama tu inatosha. Wengine husikia mwasho kidogo, wengine hawasikii kitu.

Kutoka hapo husafiri na damu kupitia mapafuni hadi kwenye ini, ambako hukua. Dume na jike hushikamana, jike likikaa katika mfereji ulio mwilini mwa dume, kisha hushuka pamoja hadi kwenye mishipa ya utumbo. Karibu majuma sita baada ya kuingia, jike huanza kutaga, kiasi cha mayai 300 kwa siku. Minyoo hiyo huweza kuishi miaka 3 hadi 10, na mingine zaidi. Mtu aliyehamia Dar es Salaam zamani anaweza kuwa bado anabeba kichocho alichokipata Musoma akiwa mtoto.

Minyoo hii ilionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1851 mjini Cairo, na daktari Mjerumani Theodor Bilharz. Lakini ilikuwa mwaka 1915 ndipo Mskoti Robert Leiper, naye akiwa Misri, alipoonyesha kwamba konokono ndiye anayeibeba na kwamba huingia kwa kupenya ngozi.

MADHARA YAKE

Kinachoumiza mwili hasa si mnyoo wenyewe, bali ni mayai. Sehemu ya mayai hutoka na choo. Mengine hunasa katika ukuta wa utumbo, na mengine husukumwa na damu hadi kwenye ini. Mwili huyazingira kama adui, na pale panabaki kovu. Kovu juu ya kovu, mwaka baada ya mwaka, damu hukosa njia ya kupita kwenye ini. Wengu na ini huvimba, tumbo hujaa maji, na mishipa ya koo la chakula hutuna. Siku moja mishipa hiyo hupasuka, na mtu hutapika damu.

Hapo ndipo maneno huanza mtaani. Wengine husema amerogwa, wengine husema amelishwa sumu. Familia huzunguka kwa waganga wakati muda unapita. Akina mama, mtu akitapika damu akimbizwe hospitali saa ile ile.

Na kwa wale mliokulia au mlioolewa kule bara kwenye malambo, kichocho cha mkojo nacho kina siri yake. Mayai yake huweza kunasa katika uke na shingo ya kizazi, yakaleta vidonda, uchafu, damu baada ya tendo la ndoa, na hata ugumba. Dalili hizo hufanana na za magonjwa ya zinaa. Ziko ndoa zilizoingiwa na shaka, mke akituhumiwa kuwa si mwaminifu, kumbe aliupata ugonjwa akiwa binti mdogo anayechota maji lamboni. Mkiwa na dalili hizo mwambieni mhudumu mlikulia wapi na maji gani mlitumia, ili naye afikirie kichocho.

KWA NINI DAWA YA MINYOO HAIKUTOSHA?

Sasa tulijibu lile swali la mwanzo. Dawa ambayo watoto wadogo hupewa katika kampeni za matone ya vitamini A ni ya kuua minyoo ya tumbo, kama albendazoli. Ni dawa nzuri kwa minyoo ya mviringo na safura. Lakini haiui kichocho. Kichocho kina dawa yake, prazikwanteli, ile ambayo wanafunzi hupimwa urefu kwa fito kabla ya kupewa idadi yao ya vidonge.

Jambo la pili, minyoo ya kichocho haizaliani ndani ya mwili wetu. Mayai lazima yatoke nje, yapite kwa konokono. Maana yake ni kwamba kila mnyoo ulio ndani yako uliingia wenyewe kupitia ngozi yako. Dawa huua minyoo mikubwa iliyomo leo. Haiui vizuri ile iliyoingia majuma machache yaliyopita, wala haizuii ile itakayoingia kesho. Mtoto akinywa dawa Jumatatu na kuogelea Jumanne, tunajaza maji kwenye pakacha.

WALIOSAHAULIKA: MAMA NA MTOTO MDOGO

Kwa miaka mingi dawa ya kichocho imekuwa ikigawiwa hasa shuleni. Tunashukuru kwa hilo. Lakini tujiulize, nani hukaa majini saa nyingi zaidi? Ni mama. Anachota maji, anafua, anaosha vyombo, anamwogesha mtoto, anaosha dagaa, anamwagilia bustani. Naye hayumo katika daftari la shule. Na mwanawe wa miaka miwili anayekaa kwenye beseni la maji ya ziwa akimsubiri, naye hayumo. Mtoto wa shule akitibiwa na mama na mdogo wake wakaachwa, ugonjwa bado umo ndani ya nyumba ile ile.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba mahali penye kichocho kingi, dawa itolewe kwa watu wote kuanzia umri wa miaka 2, wakiwemo watu wazima, akina mama wanaonyonyesha, na wajawazito waliovuka miezi mitatu ya kwanza. Kwa hiyo mama asiambiwe kwamba dawa hii ni ya wanafunzi tu. Kwa watoto wadogo zaidi, imetengenezwa prazikwanteli ya kuyeyushwa katika maji, iliyojaribiwa Kenya na Ivory Coast, kwa ajili ya watoto wa miezi 3 hadi miaka 6. Shirika la Afya Duniani liliikubali mwaka 2024. Ulizeni katika zahanati yenu, maana huduma isiyoulizwa huchelewa kufika.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

1. Nenda ukapime. Peleka choo maabara, wewe na watoto wote, na useme wazi kwamba unaishi karibu na ziwa. Tumbo kubwa la mtoto huweza pia kutokana na utapiamlo au malaria, kwa hiyo tusikisie. Wakati mwingine kipimo cha kwanza hakioni mayai, basi dalili zikiendelea rudia.

2. Kunywa dawa baada ya kula chakula. Kichefuchefu, kizunguzungu au tumbo kuuma kwa saa chache huweza kutokea, hasa kwa mwenye minyoo mingi. Usiogope, na usiwatishe wenzako. Lakini kama hali ni mbaya, rudi zahanati.

3. Choo kwanza. Kinyesi cha mtoto mchanga kina mayai kama cha mtu mzima. Kitupwe chooni, na nepi zisioshwe ziwani. Wavuvi wetu nao wawe na choo mwaloni. Hili mzungumze na waume zenu, na lipelekwe kwenye mkutano wa mtaa.

4. Punguza miguu kugusa maji ya ziwa. Kama una bomba au kisima kilichofunikwa, tumia hicho. Kama huna, chota, fulia juu ya mawe mbali na maji, kwa kutumia beseni. Epuka sehemu zenye majani, lakini usidhani kwamba penye mchanga au kina kirefu hakuna hatari kabisa. Asubuhi mapema hatari ni ndogo kuliko saa sita mchana, ingawa haiishi.

5. Maji ya kuoga yachemshwe, au yakae katika chombo safi chenye mfuniko, kisicho na konokono, kwa siku mbili kamili. Vimelea vya kichocho vitakuwa vimekufa. Lakini maji ya kunywa lazima yachemshwe, maana kukaa peke yake hakuui vijidudu vya kuhara.

6. Makanisa yetu yanayobatiza ziwani nayo yafikirie mahali na saa. Asubuhi mapema, mbali na majani, na mbali na mahali watu wanapojisaidia.

7. Viatu miguuni, kucha fupi, na sabuni karibu na choo.

Najua mtu atasema, "Sista, ziwa ndilo maisha yetu, tutaliachaje?" Hatuwezi kuliacha. Linatupa sato, dagaa na maji. Lakini tunaweza kuacha kulirudishia kinyesi. Konokono hazaliwi na kichocho. Sisi ndio tunaompa. Kama kila nyumba kumi za jirani zingekuwa na choo kinachotumika, na kama kila mama angepima na kunywa dawa pamoja na wanawe, mzunguko huu ungekatika mikononi mwetu wenyewe. Katika kikundi chenu cha akina mama, mkikutana juma hili, ulizaneni swali moja tu: nani kati yetu amewahi kupima kichocho? Majibu yatawashangaza, nanyi mtajua pa kuanzia.

Mwezi ujao tutaangalia upungufu wa damu kwa mama mjamzito na vyakula vya hapa hapa kwetu vinavyoongeza damu.